Jean-Léon Gérôme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu mchoraji Mfaransa ambaye picha zake husambaa sana kuliko jina lake. Kila jibu linajitegemea, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa utaelekezwa kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

Gérôme ni nani?

Ni mchoraji, na baadaye mchongaji, aliyezaliwa tarehe 11 Mei 1824 Vesoul, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa, akafariki Paris tarehe 10 Januari 1904. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 walikuwapo wachoraji wachache sana waliojulikana kama yeye. Serikali ilimwagizia kazi, matajiri wa Marekani waligombania turubai zake, na vijana walitoka Urusi, Uturuki na Marekani kwenda kujifunza kwake. Baada ya kifo chake jina lilizama kwa miongo kadhaa, na picha zake nyingi zikahamishiwa stoo.

Hata kama jina ni geni kwako, kazi yake huenda unaijua. Ule uwanja wa Roma ambamo umati umegeuza vidole gumba chini kudai mtu auawe ni wake.

Kuitwa mchoraji wa akademia maana yake nini?

Ufaransa ya wakati ule ilikuwa na mfumo mmoja wa sanaa wenye milango mitatu. Wa kwanza ni École des Beaux-Arts, shule ya serikali. Wa pili ni Académie des Beaux-Arts, baraza la wakubwa wa fani lililo chini ya Institut de France. Wa tatu ni Salon, maonyesho makubwa ya Paris ambako sifa ilipatikana au kupotea. Mara nyingi watu walewale walifundisha shuleni, wakakaa barazani na wakaamua nani aingie Salon. Ukikubaliwa nao njia yako imenyooka; ukikataliwa, utauza kwa tabu.

Mafunzo yenyewe yalikuwa na ngazi. Mwanafunzi alianza kwa kuchora sanamu za plasta kwa mkaa, akahamia kwa mtu hai aliyesimama uchi mbele ya darasa, ndipo akaruhusiwa kushika rangi ya mafuta. Masomo ya picha nayo yalipangwa kwa vyeo: historia, dini na hekaya za Wagiriki na Warumi juu, mandhari na matunda mezani chini. Picha iliyokamilika ilitakiwa iwe laini kabisa, isionyeshe hata mkwaruzo mmoja wa brashi. Gérôme aliujua ulaini huo kuliko wengi.

Alianzaje?

Baba yake alikuwa sonara. Mwaka 1840, akiwa na miaka 16, alikwenda Paris kwa Paul Delaroche, bingwa wa picha za historia. Mwaka 1843 karakana ya Delaroche ilifungwa baada ya mwanafunzi mmoja kufa kutokana na mateso ya wenzake waliokuwa "wakimkaribisha" kama mgeni. Delaroche akaenda Italia na Gérôme akamfuata. Huko, katika makumbusho ya Naples, aliona silaha halisi za magladieta, wapiganaji wa viwanja vya Roma, zilizofukuliwa Pompeii, mji wa Warumi uliozikwa na volkano, na habari hiyo ikamkaa kichwani maisha yake yote.

Aliporudi alijaribu kuipata Prix de Rome, tuzo iliyompeleka mshindi kuishi Roma kwa gharama ya serikali, akashindwa mwaka 1846. Sababu: uchoraji wake wa mwili wa binadamu ulionekana dhaifu. Akajibu kwa turubai. Alichora kijana aliyechuchumaa akiwachochea majogoo wawili wapigane, na msichana aliyeegemea tundu akitazama, nyuma yao bahari. Picha hiyo iliingia Salon ya 1847, mhakiki Théophile Gautier akaisifia kwa nguvu, na Gérôme akaondoka na medali ya daraja la tatu. Leo iko Musée d'Orsay. Mimi majogoo ndiyo yananivutia zaidi: manyoya yamewasimama shingoni, ilhali wale vijana wawili wametulia kama marumaru.

## Fedha, ndoa na darasa

Ni kweli alitajirika kwa kuoa?

Nusu ya kweli. Mwaka 1863 alimwoa Marie Goupil, binti wa Adolphe Goupil, mfanyabiashara wa picha mwenye maduka Paris, London, The Hague na New York. Lakini Goupil alikuwa akimuuzia kazi tangu kabla ya ndoa.

Fedha kubwa ilikuwa kwenye nakala. Goupil alinunua picha pamoja na haki ya kuichapa, kisha akatoa chapa na picha za kamera za ukubwa na bei mbalimbali, hata karani wa kawaida akaweza kutundika Gérôme ukutani. Mwandishi Émile Zola alimshambulia hapo hapo: kwamba Gérôme huchora ili Goupil apate kitu cha kuchapa. Maneno makali, ila hayakuwa mbali na ukweli. Tazama picha zake nyingi na utaona zinasomeka hata zikipunguzwa zikawa ukubwa wa kadi ya posta. Kampuni hiyohiyo, kwa wanaopenda kuunganisha habari, ndiyo iliyomwajiri kijana Vincent van Gogh kuanzia 1869.

Alikuwa mwalimu wa namna gani?

Mageuzi ya mwisho wa 1863 yaliingiza madarasa ya kupaka rangi ndani ya École des Beaux-Arts, na Gérôme akawa mmoja wa maprofesa watatu wa kwanza, pamoja na Alexandre Cabanel na Isidore Pils. Alifundisha karibu miaka 40. Inakadiriwa wanafunzi zaidi ya 2,000 walipita mikononi mwake.

Alikuwa mkali na mwenye maneno machache. Thomas Eakins wa Philadelphia alimheshimu mpaka mwisho, na ukali wa jicho lake katika kuchora mwili wa mtu una alama ya darasa lile. Odilon Redon, aliyependa ndoto na vivuli, aliteseka na kuondoka. Mary Cassatt alisoma kwake faraghani mwaka 1866, kwa kuwa shule yenyewe haikupokea wanawake hadi 1897. Osman Hamdi Bey, aliyepelekwa Paris kusoma sheria, alijifunza uchoraji kwa Gérôme na rafiki yake Gustave Boulanger, kisha akarudi Istanbul kuongoza makumbusho ya mambo ya kale.

## Roma

Je, Warumi walishusha dole gumba kweli mtu alipotakiwa kuuawa?

Ishara ya kidole ilikuwapo. Upande wake ndio mashaka. Mshairi wa Roma Juvenal aliandika *verso pollice*, yaani dole gumba lililogeuzwa, bila kusema limegeuzwa juu, chini au kando. Mwaka 1872 Gérôme alikamilisha picha aliyoiita *Pollice Verso* na akaamua mwenyewe: chini. Mabikira wa hekalu la Vesta, wamekaa mstari wa mbele katika nguo nyeupe, wananyoosha mikono na vidole chini kwa hamaki, huku mshindi amemkanyaga kooni mpiganaji wa wavu aliyeinua mkono kuomba huruma. Mistari ya jua iliyopenya kwenye turubai la kivuli imechorwa hadi ukutani.

Tajiri wa New York, A. T. Stewart, aliinunua kwa faranga 80,000. Chapa za Goupil zikaieneza dunia nzima, na tangu hapo kidole kilichoshuka kikawa na maana moja tu. Picha iko Phoenix, Arizona.

Ina uhusiano gani na filamu ya Gladiator?

Kabla mwongozaji Ridley Scott hajakubali kuitengeneza filamu hiyo ya mwaka 2000, watayarishaji walimwonyesha nakala ya *Pollice Verso*. Alivutwa na picha, na hiyo ndiyo iliyomshika.

Alikuwa sahihi katika historia?

Katika vitu, mara nyingi ndiyo. Kofia za chuma, ngao na vikinga mguu alivinakili kutoka kwenye vitu vya Pompeii. Katika habari, alichanganya alivyotaka. Mfano ni *Ave Caesar* ya 1859, iliyoko Chuo Kikuu cha Yale. Humo magladieta wanamsalimu mfalme Vitellius kwa maneno "wanaokwenda kufa wanakusalimu". Mwandishi wa Roma Suetonius anayataja maneno hayo, lakini kwa mfalme Claudius, na waliosema walikuwa watu waliotolewa kupigana vita vya maigizo vya majini ziwani. Tena Vitellius alikufa mwaka 69, na Colosseum, uwanja mkubwa wa Roma ambao ule wa kwenye picha unafanana nao, ulifunguliwa mwaka 80.

Hapa ndipo penye siri yake yote. Kofia ikiwa sahihi mpaka kwenye misumari, mtazamaji haulizi tena juu ya yaliyobaki. Jambo hilohilo litarudi kwa uzito zaidi kwenye swali la mchezesha nyoka.

Kwa nini anachora tukio likiwa limekwisha?

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipaji chake halisi, na ndicho kinachomtofautisha na wenzake waliochora panga zikiwa hewani.

Chukua *Pambano Baada ya Dansi ya Vinyago* ya 1857, iliyoko Chantilly. Ni alfajiri, theluji imeanguka msituni. Mtu aliyevaa mavazi meupe ya mchekeshaji Pierrot analegea mikononi mwa rafiki zake, doa la damu kifuani, upanga bado mkononi. Mwenzao aliyevaa kama mtawala wa Venice anatafuta jeraha. Mwingine ameshika kichwa chake. Upande wa kulia aliyeshinda, katika mavazi ya Mwenyeji wa Amerika, anaondoka akiwa ameegemea mwenzake, na manyoya ya pambo lake yamedondoka kwenye theluji. Hakuna aliyepata muda wa kubadili nguo. Watu wanakufa wakiwa wamevaa vichekesho.

Katika *Kifo cha Kaisari*, iliyoko Baltimore, maiti imefunikwa nguo pembeni kabisa, kivulini. Katikati ni sakafu tupu, wauaji wanatoka wakiinua visu, na seneta mmoja mnene amebaki peke yake kitini. Ile ya Marshal Ney, jenerali wa Napoleon aliyepigwa risasi Desemba 1815, inaonyesha mtu amelala kifudifudi matopeni na askari wakijiondokea.

Aliyoithubutu zaidi ni *Yerusalemu* ya 1867. Ni picha ya kusulubiwa ambamo hakuna msalaba. Msafara unarudi mjini chini ya mawingu mazito, na kwenye ardhi ya mbele kuna vivuli vitatu tu. Wahakiki wa Salon ya 1868 waliichukia. Iko Musée d'Orsay, usiipite haraka.

## Misri, Istanbul na picha za Mashariki

Alifika huko au alichora kwa kusikia?

Alifika, tena mara nyingi. Alikwenda Istanbul katika miaka ya 1850, na mwaka 1856 alikaa Misri miezi kadhaa akisafiri kwa mashua kwenye Nile. Mmoja wa wenzake alikuwa Auguste Bartholdi, aliyekuja kuchonga Sanamu ya Uhuru ya New York. Mwaka 1868 alirudi na kundi la wachoraji, wakapita Sinai na Petra hadi Palestina, na 1869 alikuwa miongoni mwa wageni walioalikwa kwenye ufunguzi wa Mfereji wa Suez.

Ila picha zenyewe alizimalizia Paris. Alirudi na michoro, picha za kamera, vitambaa, silaha na mabomba ya tumbaku, akavipanga karakanani pamoja na watu wa kulipwa wa kusimama.

Kwa nini picha ya mchezesha nyoka ina ubishi mwingi?

Kwa sababu sehemu yake ilitumika kwenye jalada la kitabu cha msomi Mpalestina Edward Said, *Orientalism*, cha mwaka 1978, na tangu hapo ikawa kielelezo cha jinsi Ulaya ilivyojitungia Mashariki yake.

Mtoto wa kiume yuko uchi, ametupa mgongo, chatu amejizungusha mwilini mwake. Pembeni mzee anapuliza filimbi. Mbele yao, sakafuni, wanaume wenye silaha wameegemea ukuta wa vigae vya buluu. Vigae hivyo ni vya kasri la Topkapi, Istanbul. Silaha na nguo ni za nchi na nyakati tofauti. Mchezo wa nyoka ni wa Misri. Juu ya vichwa vyao imepita khati ya Qur'ani, aya ya 256 ya Sura al-Baqara, ile ya kwamba hakuna kulazimishana katika dini. Anayesoma Kiarabu anaitambua aya, na hapo hapo anajiuliza mtoto uchi na chatu vinafanya nini chini yake.

Mwaka 1983 mwanahistoria wa sanaa Linda Nochlin aliandika kwamba ulaini wa picha ndio unaodanganya: kwa kuwa huioni brashi, humwoni mchoraji, unadhani unatazama dirishani. Aliongeza kuwa katika dunia hiyo hakuna Mzungu wala mabadiliko yoyote, wakati ambapo Uturuki yenyewe ilikuwa kwenye mageuzi makubwa. Wako wanaomtetea Gérôme wakisema aliheshimu ufundi wa Waislamu na kuuchora kwa makini kuliko yeyote. Nakubaliana nao kuhusu vigae. Kuhusu watu, Nochlin ana haki.

Picha zake za soko la watumwa ni ushahidi wa kihistoria?

Hapana. *Soko la Watumwa* ya 1866, iliyoko Clark Art Institute huko Williamstown, Marekani, inaonyesha mnunuzi akimtia mwanamke aliye uchi vidole mdomoni kumkagua meno. Soko la wazi la Cairo lilikuwa limeshafungwa miaka ya 1850, ingawa biashara iliendelea kwa siri. Na wengi waliouzwa Misri walikuwa Waafrika kutoka Sudan na Ethiopia, wakati mchoraji huyu aliweka mwanamke mweupe katikati kwa sababu mnunuzi wa Ulaya alimtaka huyo.

Kwa msomaji wa pwani yetu: Gérôme hakufika Zanzibar. Soko la Mkunazini lilifungwa 1873, enzi za Sultani Barghash, miaka saba baada ya picha hii. Ukikuta *Soko la Watumwa* limewekwa kama taswira ya Unguja, ujue ni kosa. Wanunuzi, nguo na jengo vyote ni vya Mashariki ya kubuni.

Picha hii hutumiwa vibaya hata leo. Mwaka 2019 AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia cha Ujerumani, kiliiweka kwenye mabango ya uchaguzi mjini Berlin ili kuwatisha wapiga kura kuhusu Waislamu. Makumbusho ya Clark yalipinga hadharani, ila kisheria hayakuwa na la kufanya. Sababu iko kwenye swali la haki miliki hapa chini.

Watu weusi anawachoraje?

Mara nyingi kama watumishi wa pembeni, mfano mjakazi anayemwogesha bibi mweupe kwenye picha zake za hamamu, yaani bafu za mvuke. Lakini ipo *Bashi-Bazouk* ya 1868–69, Metropolitan Museum, New York. Ni mwanamume mweusi peke yake, amevaa hariri ya rangi ya waridi na kilemba kizito, uso umegeuka kidogo, macho hayakuombi chochote. Bashi-bazouk walikuwa askari wa Kituruki wasiolipwa mshahara, wasioweza kumudu hariri ya namna ile. Gérôme alimvalisha mtu huyo Paris. Hata hivyo uso ni wa mtu, si pambo. Jina la picha linataja kikosi chake, si yeye.

Leo nchi za Kiarabu zinamwonaje?

Wakosoaji wapo, na wanunuzi wapo. Wakusanyaji wa Ghuba wamekuwa wakinunua picha za aina hii kwa bei kubwa kwa miongo kadhaa. Mwishoni mwa 2024 makumbusho ya Mathaf, Doha, yalifungua maonyesho makubwa juu ya Gérôme na athari yake, yakiweka kazi zake pamoja na za wasanii wa kisasa wanaomjibu.

## Ugomvi na miaka ya mwisho

Kwa nini aliwachukia Waimpreshonisti?

Hao walikuwa wachoraji walioacha mipigo ya brashi ionekane wazi, na kwake picha isiyomalizwa ilikuwa uvivu. Mwaka 1884 alipinga kazi za mchoraji Manet kuonyeshwa kwa kumbukumbu ndani ya École des Beaux-Arts. Mwaka 1894 alipiga kelele serikali isipokee urithi wa Gustave Caillebotte, uliokuwa na picha za Monet, Renoir, Degas na Cézanne. Mwishowe karibu 40 zilipokewa. Katika maonyesho ya dunia ya 1900 inasimuliwa kuwa alimzuia Rais Loubet mlangoni mwa chumba cha Waimpreshonisti, akimwambia humo ndani ni aibu ya Ufaransa. Historia ilimlipa kwa kumtupa yeye stoo na kuwatundika wao. Hakuonewa sana.

Alianza lini kuchonga?

Alijitokeza rasmi kama mchongaji mwaka 1878, akiwa na miaka zaidi ya 50, kwa kundi la magladieta wa shaba lililotoka moja kwa moja kwenye *Pollice Verso*. Baadaye alipaka rangi marumaru, kama *Tanagra* ya 1890 iliyoko Orsay, kwa hoja kwamba Wagiriki nao walipaka rangi sanamu zao.

Ile picha ya Ukweli anayetoka kisimani, hadithi yake ni kweli?

Hadithi inayozunguka WhatsApp inasema Uongo na Ukweli walioga pamoja, Uongo akaiba nguo za Ukweli, na Ukweli akatoka uchi. Wanaoisambaza huambatanisha picha ya Gérôme ya 1896. Picha haikuchorwa kwa ajili ya hadithi hiyo. Msingi wake ni usemi wa kale wa Democritus, mwanafalsafa wa Ugiriki, kwamba ukweli uko chini ya kisima. Jina lake kamili linasema Ukweli anatoka na mjeledi kuwaadhibu wanadamu, na kweli mjeledi anao mkononi, mdomo wazi kwa ukali.

Wengine huihusisha na kesi ya Dreyfus, ofisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa aliyehukumiwa kwa uongo. Gérôme mwenyewe, mwaka 1902, aliutumia mfano huo kuisifia kamera: kwamba kutokana nayo Ukweli hatimaye ametoka kisimani. Picha iko Moulins, katikati ya Ufaransa.

Alikufaje?

Alikutwa amefariki karakanani kwake Januari 1904, akiwa na miaka 79, mbele ya picha ya Rembrandt na karibu na mojawapo ya picha zake za Ukweli. Amezikwa makaburi ya Montmartre. Juu ya kaburi kuna sanamu ya Huzuni aliyoichonga mwenyewe kwa ajili ya mwanawe Jean, aliyefariki 1891.

## Kutumia na kumiliki

Naweza kutumia picha zake bila kulipa?

Ndiyo. Haki miliki zake zimekwisha zamani. Metropolitan Museum, Walters Art Museum ya Baltimore na Clark hutoa bure faili kubwa za kazi zake walizonazo. Uhuru huu ndio uliowaruhusu hata wale wa mabango ya Berlin.

Nimekuta picha ya zamani yenye saini yake. Nina mali?

Yaelekea ni chapa. Chukua lenzi ya kukuzia utazame sehemu nyeusi: ukiona chembe ndogo zilizolingana au mistari ya sindano, na chini ya picha jina la Goupil pamoja na anwani za miji, ni nakala ya dukani ya karne ya 19. Zilitolewa kwa wingi na bei yake ni ya kawaida. Saini ndani ya picha haithibitishi kitu, kwa kuwa nayo ilichapwa pamoja na picha. Ukiona rangi ya mafuta kwenye turubai au ubao, usiisafishe na usiibandue fremu. Ipige picha mbele na nyuma, pamoja na mihuri na karatasi zilizobandikwa, kisha mpelekee mtaalamu wa sanaa ya karne ya 19. Nyuma ya turubai mara nyingi kuna habari kuliko mbele.